Semboja wa Mazinde

Semboja (alifariki 1895) alikuwa zumbe wa Mazinde na mtu mwenye nguvu kuliko wote katika Usambara tangu mwishoni mwa miaka ya 1860 hadi kuja kwa utawala wa Wajerumani. Alikuwa mmoja wa wana wa Kimweri ye Nyumbai, mfalme mkuu wa Washambaa. Baada ya baba yake kufariki alimpindua mfalme halali, Shekulwavu, akamweka mwanawe mwenyewe kwenye kiti cha Vuga, naye akabaki Mazinde alikokuwa na misafara, bunduki na soko.

Mazinde iko tambarare, chini ya ukingo wa magharibi wa milima ya Usambara. Leo ni kata ya Wilaya ya Korogwe katika Mkoa wa Tanga, kandokando ya barabara kuu iendayo Same, Moshi na Arusha. Wakati wa Semboja ulikuwa mji mashuhuri kwenye njia ya misafara kati ya bandari ya Pangani na Kilimanjaro.

Katika vitabu vya Wazungu wa karne ya 19 jina lake huandikwa pia Sembodja au Simboja.

Asili ya ukoo

Semboja alikuwa Mkilindi, yaani mtu wa ukoo uliotawala Usambara tangu karne ya 18. Masimulizi ya Washambaa yanasema kwamba mwanzilishi wa ukoo huo, Mbegha, alitoka katika milima ya Nguu, ambayo kwa sasa iko katika Wilaya ya Kilindi. Wilaya hiyo ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Handeni hadi mwaka 2002.

Inasimuliwa kwamba Mbegha alizaliwa kigego, maana meno yake ya juu yalitangulia kuota. Siku hizo mtoto wa namna hiyo alihesabiwa kuwa mkosi. Ndugu zake walimnyima urithi, akahama akiwa mwindaji wa nguruwe mwitu. Alikaa kwanza Kilindi, akafanya urafiki na mtoto wa mtawala wa huko. Kijana huyo alipouawa katika mawindo, Mbegha alikimbia akavuka mto Ruvu (Pangani) na kupanda milima ya Usambara. Huko aliwagawia watu nyama, akaua nguruwe walioharibu mashamba, akaamua mashauri yao. Watu wa Vuga walimfanya mfalme, na usiku wa kufika kwake aliua simba. Kutokana na habari hiyo wafalme wa Washambaa waliitwa Simbamwene.

Mfalme wa Vuga hakuwa mwamuzi na mpokea kodi tu. Watu waliamini kwamba alikuwa na uwezo juu ya mvua. Mfalme mwenye nguvu asiye na mpinzani aliponya nchi, jambo ambalo Washambaa huliita "kuzifya shi". Watawala wenye nguvu zinazolingana waliposhindana, nchi iliharibika na njaa ikaingia. Hali hiyo huitwa "kubana shi". Mawazo haya mawili husaidia kuelewa jinsi watu wa Usambara walivyoyatazama mambo yaliyotokea wakati wa Semboja.

Ufalme wa Kimweri ye Nyumbai

Baba yake Semboja, Kimweri ye Nyumbai, alitawala tangu mwanzoni mwa karne ya 19 hadi kifo chake mwaka 1862. Katika enzi yake ufalme ulikuwa mpana kuliko wakati mwingine wowote. Ulienea kutoka milima ya Usambara hadi Bonde, yaani nchi ya Wabondei nyuma ya Tanga, na ukagusa pwani yenyewe. Kwenye miji midogo ya pwani kati ya Tanga na Pangani, madiwani walimheshimu Kimweri na Sultani wa Zanzibar kwa wakati mmoja.

Mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alimtembelea Kimweri huko Vuga mwaka 1848, akarudi mwaka 1852. Mwaka 1857 Waingereza Richard Burton na John Hanning Speke nao walipanda hadi Vuga, ambayo Burton aliiandika "Fuga". Njiani walikuta kikosi cha askari Wabaluchi wa Sultani kwenye kilima cha Tongwe.

Kimweri aliitawala nchi kupitia wanawe. Kila eneo kubwa lilipewa mmoja wao awe mzumbe wake. Mpango huu ulikuwa na nguvu maadamu baba alikuwa hai, kwa kuwa mwana hakuweza kushindana na baba yake. Vuga, mji wa mfalme, ulikuwa katikati ya milima. Kodi ya mifugo na chakula ilipanda kutoka kila upande kwenda huko, na mfalme aligawa kutoka huko.

Kwa desturi, mfalme mpya aliwaondoa polepole wazumbe wa kizazi cha baba yake na kuweka wana wake mwenyewe. Desturi hiyo ilihitaji mfalme mwenye wana wazima. Kimweri aliishi miaka mingi sana, na aliyemfuata hakuwa mwanawe bali mjukuu wake Shekulwavu, ambaye alikuwa bado kijana. Wazumbe waliomzunguka walikuwa baba zake wadogo na wakubwa. Walikuwa na watu wao, uzoefu wao, na baadhi yao walikuwa na bunduki. Kati ya hao, Semboja wa Mazinde ndiye aliyekuwa na bunduki nyingi zaidi.

Mazinde na njia ya misafara

Kwa macho ya Mshambaa wa zamani, Mazinde haikuwa mahali pa kutamaniwa. Washambaa walipenda kukaa milimani penye mvua, migomba na baridi. Tambarare waliiita nyika: nchi kavu, yenye joto na homa, nayo ilikuwa wazi kwa mashambulizi ya Wamaasai.

Biashara ya karne ya 19 ilibadilisha hesabu hiyo. Meno ya tembo yalikuwa na soko kubwa Zanzibar, na wafanyabiashara wa pwani walianza kuyafuata mbali zaidi kila mwaka. Njia mojawapo iliyotumika sana ilianzia Pangani, ikafuata bonde la mto Ruvu kupitia Korogwe, kisha ikapita chini ya milima ya Usambara na Upare hadi Kilimanjaro na nchi ya Wamaasai. Misafara haikuwa na haja ya kupanda Vuga. Ilipita nyikani, na Mazinde ilikuwa njiani.

Mwenye Mazinde alipata faida kwa namna nyingi:

* alipokea hongo kutoka kwa misafara iliyopita;
* aliwauzia wasafiri chakula kilichoshushwa kutoka milimani;
* alinunua meno ya tembo kutoka bara na kuyauza kwa watu wa pwani;
* alipata nguo, shanga, baruti na bunduki kabla ya mzumbe yeyote wa milimani.

Ng'ambo ya mto, katika nchi ambayo leo ni Handeni, Wazigua walikuwa wametangulia kupata bunduki kwa sababu walikaribiana na bandari za pwani. Hata kabla ya Kimweri kufariki, vikundi vya Wazigua wenye bunduki vilikuwa vimeanza kuusumbua ufalme. Semboja alijifunza kutokana na majirani hao. Alifanya biashara nao, na baadaye aliwaita wapigane upande wake.

Hivyo ndani ya kizazi kimoja nguvu ilihama kutoka katikati ya ufalme kwenda ukingoni mwake. Vuga ilibaki na heshima, makaburi ya wafalme na dawa za mvua, wakati bunduki zilikuwa Mazinde.

Vita na Shekulwavu

Miaka michache baada ya Shekulwavu kutawazwa, ugomvi kati yake na Semboja uligeuka vita. Mnamo mwaka 1868 hivi Semboja alipanda kuishambulia Vuga. Jeshi lake halikuwa la Washambaa peke yao, bali lilikuwa na wapiganaji wa kukodiwa, wakiwemo Wazigua, Wataita na Wamaasai. Watu hao walifuata ngawira, na hofu ya kumshambulia Simbamwene haikuwazuia kwa kuwa hakuwa mfalme wao.

Vuga ilitekwa na kuchomwa moto. Shekulwavu alikimbilia mashariki, akafariki muda si mrefu baadaye. Ndugu zake waliendeleza vita katika milima ya mashariki, na kwa zaidi ya miaka 20 Usambara ilikuwa na pande mbili za Wakilindi zilizopigana mara kwa mara: upande wa Semboja na upande wa Shekulwavu.

Semboja hakujitawaza mfalme. Alimweka mwanawe, Kimweri Maguvu, kwenye kiti cha Vuga, naye akarudi Mazinde. Uamuzi huo unaeleza mengi kuhusu siasa za wakati wake. Mfalme wa Vuga alifungwa na miiko mingi, na makao yake yalikuwa mbali na njia ya misafara. Kama Semboja angehamia Vuga, angelazimika kumwachia mtu mwingine soko la bunduki, na mtu huyo angeweza kumfanyia yeye alichomfanyia Shekulwavu. Kwa kumweka mwanawe aliipata heshima ya Vuga pasipo kuipoteza Mazinde. Pia alirudisha kwa sura ya nje utaratibu wa zamani wa baba na mwana, ila sasa mwana ndiye aliyekuwa mfalme na baba ndiye aliyekuwa mzumbe.

Kiva: uasi wa Wabondei

Vita ya Wakilindi iliwapa Wabondei nafasi ya kujikomboa. Kwa miaka mingi walikuwa chini ya wazumbe Wakilindi waliotumwa na Vuga, na wengi wa wazumbe hao walichukiwa kwa kuwanyang'anya watu mali na kuwauza watoto wao. Shekulwavu, alipokuwa akihitaji msaada dhidi ya Semboja, alitafuta urafiki wa Wabondei. Wao waliitumia fursa hiyo kuwageukia watawala wao.

Uasi huo unajulikana kwa jina la Kiva. Wakilindi wengi waliuawa, wengine walikimbia. Tangu hapo Bonde haikurudi tena chini ya Vuga. Semboja hakuwa na nguvu za kuirudisha, na hivyo ushindi wake uligharimu sehemu kubwa ya ufalme alioupigania.

Mji wa Semboja

Katika miaka ya 1870 na 1880 Mazinde ilikuwa mji wa mchanganyiko. Washambaa walishuka kuuza mazao. Wazigua, Wapare, Wataita na Wamaasai walikuja kwa biashara au kwa vita. Waswahili na Waarabu kutoka Pangani walikaa kwa muda wakisubiri mali au wakidai madeni.

Semboja mwenyewe alifuata mambo mengi ya pwani. Alivaa kama watu wa pwani, alizungumza Kiswahili na aliweka mwandishi wa kumwandikia barua. Jambo la barua halikuwa dogo. Biashara ya misafara iliendeshwa kwa mikopo: mfanyabiashara alipewa bidhaa Pangani au Zanzibar kwa ahadi ya kuleta meno ya tembo baadaye. Mtawala wa bara aliyetaka kushiriki alihitaji mtu wa kuandika hati, kusoma madai na kupeleka salamu kwa liwali wa Pangani na kwa Sultani.

Masultani wa Zanzibar walimchukulia Semboja kama rafiki aliye chini ya ulinzi wao, naye alikubali bendera na zawadi zao pale ilipomfaa. Kwa kweli hawakuwa na askari wa kutosha kumlazimisha. Walichohitaji ni njia iwe wazi, na Semboja alihitaji baruti iendelee kuja.

Biashara ya watumwa

Utawala wa Semboja hauwezi kuelezwa bila biashara ya watumwa. Kabla ya wakati wake watumwa walikuwepo, na watu waliwekwa rehani wakati wa njaa au deni. Lakini vita ya Wakilindi iliongeza idadi ya waliouzwa kwa kiwango ambacho Usambara haikuwa imekijua.

Sababu ilikuwa wazi. Bunduki na baruti zilinunuliwa kwa meno ya tembo au kwa watu. Tembo walizidi kupungua na kuwa mbali, lakini watu walikuwa karibu. Mzumbe aliyekosa bunduki aliogopa kuvamiwa na jirani aliyekuwa nazo, kwa hiyo aliuza watu ili anunue bunduki, na jirani yake akafanya vilevile. Waliouzwa walikuwa mateka wa vita, wanawake na watoto walionyakuliwa njiani, na watu waliohukumiwa barazani. Makosa ambayo zamani yalilipiwa faini ya mbuzi au ng'ombe yalianza kulipiwa kwa mtu.

Mahitaji ya pwani hayakupungua hata sheria zilipobadilika. Mwaka 1872 tufani iliharibu mikarafuu mingi ya kisiwa cha Unguja, na mashamba ya Pemba yakapata umuhimu zaidi. Mwaka 1873 Sultani Barghash, kwa kushinikizwa na Uingereza, alipiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa bahari, na mwaka 1876 akakataza misafara ya watumwa kutoka bara. Hata hivyo, watumwa waliendelea kuvushwa kwa siri usiku kwenda Pemba, ambako si mbali na Pangani na Tanga. Wengine waliishia kwenye mashamba ya miwa ya bonde la chini la mto Pangani, ambako hawakuhitaji kuvushwa bahari hata kidogo.

Matokeo yake yalionekana katika makazi ya watu. Familia zilihama sehemu za wazi za tambarare na kupanda milimani. Vijiji vilizungushiwa maboma ya miti na miiba. Watu waliogopa kutembea peke yao, hata kwenda sokoni au kisimani. Wazee wa Usambara waliokusanyiwa masimulizi yao katika karne ya 20 waliukumbuka wakati huo kuwa wakati wa unyang'anyi, ambapo mkubwa alimla mdogo na hapakuwa na mtu wa kumlilia. Kwa lugha yao wenyewe, nchi ilikuwa imebanwa.

Abdallah bin Hemedi na Habari za Wakilindi

Mwandishi wa Semboja aliyejulikana zaidi ni Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemi (alifariki 1912), mtu wa pwani aliyekaa kwa miaka kadhaa kwenye baraza la Semboja. Baadaye aliandika kwa Kiswahili historia ya ukoo uliotawala Usambara, kuanzia Mbegha hadi wakati wake. Kitabu hicho, Habari za Wakilindi, kilichapwa kwa sehemu na wamisionari Waanglikana wa UMCA huko Magila, karibu na Muheza, kati ya miaka ya 1890 na mwanzo wa karne ya 20. Kilitolewa upya mwaka 1962.

Habari za Wakilindi ni miongoni mwa vitabu vya kwanza vya historia vilivyotungwa kwa Kiswahili kuhusu watu wa bara. Kwa maisha ya Semboja kina thamani ya pekee, kwa kuwa mwandishi aliyaona mambo mengi kwa macho yake na aliwajua wahusika. Msomaji anapaswa pia kukumbuka kwamba mwandishi alikuwa mtu wa Semboja, alikula chakula chake, na aliyatazama mambo ya milimani akiwa Mazinde. Masimulizi ya upande wa Shekulwavu na ya Wabondei hayalingani nayo kila mahali.

Mwanahistoria Mmarekani Steven Feierman alikusanya masimulizi ya wazee wa pande mbalimbali katika miaka ya 1960 na kuyalinganisha na maandishi hayo. Kitabu chake kuhusu ufalme wa Washambaa kilitoka mwaka 1974. Yeye ndiye aliyeonyesha kwa undani jinsi biashara ya tambarare ilivyouvunja ufalme wa milimani.

Kuja kwa Wajerumani

Mwaka 1885 Usambara na Kilimanjaro ziligombaniwa na pande mbili za kigeni. Sultani Barghash alimtuma jemadari wake, Mwingereza Lloyd Mathews, aende na askari kupata ahadi za utii kutoka kwa watawala wa bara. Muda mfupi baadaye Karl Jühlke alipita kwa niaba ya kampuni ya Wajerumani akitafuta mikataba. Mwaka uliofuata, Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kugawana maeneo yao ya athari, na Usambara ikaangukia upande wa Ujerumani. Semboja na watawala wenzake hawakuulizwa.

Mwaka 1888 kampuni ya Wajerumani ilipoanza kushika bandari za pwani, watu wa Pangani na miji mingine waliinuka chini ya Abushiri bin Salim. Katika nchi ya Wazigua na Saadani, Bwana Heri bin Juma aliongoza vita yake. Njia ya Pangani, ambayo ilikuwa mshipa wa utajiri wa Semboja, ilikatika. Serikali ya Ujerumani ilimtuma Hermann von Wissmann na jeshi la askari wa kukodiwa, wengi wao Wasudani. Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889, na Bwana Heri akafanya amani mwaka 1890.

Semboja aliona mwisho wa wote wawili, akachagua amani. Sababu zake si ngumu kuelewa. Alikuwa mzee. Aliyeshika Pangani alikuwa ameshika pia baruti na nguo zake, na Mazinde ilikuwa tambarare ambako jeshi lenye mizinga lingeweza kufika kwa urahisi. Faida aliyoipata kwa kukaa njiani sasa iligeuka udhaifu.

Mwaka 1891 Wajerumani waliweka kituo cha kijeshi Mazinde penyewe ili kuilinda njia ya Kilimanjaro. Mwaka huohuo wamisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani, Ernst Johanssen na Paul Wohlrab, walianza kazi huko Mlalo katika milima ya kaskazini. Semboja aliendelea kuwa mkubwa wa Mazinde, lakini hongo ya misafara, hukumu ya kifo na haki ya kupigana vita havikuwa tena mikononi mwake.

Miaka hiyo ilikuwa migumu pia kwa sababu nyingine. Sotoka iliyoenea Afrika Mashariki mwaka 1890 na 1891 iliua ng'ombe wengi sana na kuwavunja nguvu Wamaasai. Baada yake zilikuja ndui, nzige na njaa.

Kifo na warithi

Kimweri Maguvu, mwana wa Semboja aliyekuwa mfalme wa Vuga, alifariki mwaka 1893. Nafasi yake ilichukuliwa na Mputa, mwana mwingine wa Semboja. Semboja mwenyewe alifariki mwaka 1895.

Mwaka huohuo Wajerumani walimnyonga Mputa. Walimhukumu kwa kumuua mtu aliyezini na mke wake. Kwa sheria ya Vuga, kosa la kumgusa mke wa mfalme lilikuwa la kifo na mfalme ndiye aliyekuwa mwamuzi. Kwa sheria ya wageni, Mputa alikuwa muuaji. Kunyongwa kwake kuliwaonyesha Washambaa kwamba Simbamwene hakuwa tena mwenye neno la mwisho juu ya uhai wa watu.

Wajerumani walimweka Kinyashi, mwana wa Shekulwavu, kuwa mfalme. Hivyo kiti kilirudi upande ulionyang'anywa na Semboja karibu miaka 30 nyuma. Kinyashi hakukaa kwa raha. Aliwaogopa wapinzani wake wa ukoo wa Semboja, na mwaka 1903 aliacha utawala. Waingereza walimrudisha mwaka 1926 walipoanzisha utawala kupitia wenyeji, lakini akajiuzulu tena mwaka 1929. Baada yake uongozi uliingia tena mikononi mwa uzao wa Semboja. Mfalme wa mwisho, Kimweri Mputa Magogo, alitawala tangu mwaka 1947 hadi serikali ya Tanganyika huru ilipofuta utawala wa machifu mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Mazinde baada ya Semboja

Reli ya Usambara ilianza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893. Ilifika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905, kisha ikaendelea kupitia Mazinde na kufika Moshi mwaka 1911. Mizigo iliyobebwa kichwani na wapagazi kutoka Pangani ilihamia kwenye mabehewa ya Tanga, na njia ya misafara ikafa. Pangani ilipungukiwa, na miji iliyokua ilikuwa ile ya reli, kama Korogwe na Mombo. Makao ya serikali ya wilaya yaliwekwa Wilhelmstal, yaani Lushoto ya leo.

Tambarare ambayo Washambaa waliikimbia wakati wa vita iligawiwa kwa mashamba makubwa ya mkonge. Mmea huo uliletwa nchini mwaka 1893 na Richard Hindorf, nao ulistawi vizuri katika nchi kavu ya bonde la Pangani. Mazinde ikawa mahali pa mashamba ya mkonge na vibarua kutoka sehemu mbalimbali.

Tathmini

Maoni kuhusu Semboja hutofautiana. Wazungu wa wakati wake walimwandika mara nyingi kama mwizi wa misafara na mfanyabiashara wa watumwa, ingawa baadhi yao walikula kwake na kumwomba wapagazi. Kwa Wabondei jina lake limeunganishwa na wakati wa Wakilindi kwa jumla, ambao walipigania kuuondoa. Katika uzao wake anakumbukwa kama mtu aliyejua kusoma nyakati, aliyetambua mapema kwamba nguvu ilikuwa imeshuka kutoka milimani kwenda njiani.

Habari zake zinalingana na za watawala wengine wa bara wa karne ya 19, kama Mirambo wa Unyamwezi, waliotumia bunduki na misafara kujenga nguvu mpya. Tofauti ni kwamba Mirambo aliunganisha nchi ndogondogo, lakini Semboja alirithi sehemu ya ufalme uliokuwa tayari mkubwa, na alipoushika ulipasuka mikononi mwake. Alishinda kila mpinzani wa nyumbani aliyemwendea, ila hakuweza kuwapa watu kile walichokitarajia kutoka kwa Simbamwene, yaani nchi iliyotulia, mvua kwa wakati wake na njia ambayo mtoto angeweza kupita akarudi nyumbani.